Wembe wa kukunja kwa kinyozi wa makopo, Wete: bei, makali na brashi niliyoikataa

Mie ni fundi cherehani, nashona kanzu, na makali nayajua kwa mkono kabla ya jicho. Mkasi ukianza kutafuna bafta badala ya kuikata, nausikia kwenye kidole gumba. Kwa hiyo nikisema kwamba nyembe nyingi za kukunja zinazopangwa kwenye maduka ya vitu vya kale Mji Mkongwe, kule Gizenga na Hurumzi, hazinyoi kitu, msinione nasema kwa wivu wa Mpemba. Zimepigwa msasa, zimetiwa dawa ya kung'arishia shaba, zinawaka. Mgeni ananunua, anakwenda kupambia sebule yake, na wala hana haja ya kujua kama zinakata. Yeye sawa. Mie nilitaka wembe wa kunyolea.

Niliupata hapa hapa Wete, kwa kinyozi mmoja ambaye chumba chake kiko juu ya njia inayoteremka bandarini. Bango hana, na jina lake hataki liandikwe popote. Mjini wanamwita kinyozi wa makopo, kwa sababu nitakayoieleza mbele; sisi tulio wadogo kwake tunamwita Ami. Ananyoa, ananoa nyembe za watu, na mara moja moja anauza wembe wa zamani alioutengeneza mwenyewe. Kunyoa kichwa na kusafisha mashavu na shingo ni shilingi 3,000. Kunoa wembe ni 5,000. Wembe wangu ameniuzia 70,000 pamoja na ukanda wa ngozi, na ukanda huo ndio wenye kasoro, nao nitaufikia.

Wembe wenyewe ni wa Joseph Rodgers & Sons wa Sheffield, una alama yao ya nyota na msalaba. Upana wake ni inchi tano kwa nane, yaani kama milimita 16, kipimo cha katikati: si mwembamba wa kuyumba, si mpana wa kukuzibia usione pembe ya mdomo. Chini ya jina umechapwa "Sheffield, England", na hilo peke yake linakupa umri kidogo. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1890 kwamba bidhaa inayoingia kwao iandikwe nchi ilikotoka, na kuanzia 1891 viwanda vya Uingereza vikazoea kuchapa jina la nchi. Wembe wenye "England" basi kwa kawaida ni wa baada ya hapo. Waingereza nao walikuwa wameshatunga sheria yao ya alama za biashara mwaka 1887, maana soko lilijaa visu na nyembe za Ujerumani zilizochapwa Sheffield kwa uongo. Cha kuchekesha ni kwamba leo wembe wa Solingen, mji wa Ujerumani, haumwonei haya mtu yeyote, na wapo wanaoupenda kuliko wa Kiingereza.

Nilimpa Ami hadithi yote hiyo. Akanisikiliza, akauchukua wembe akaulaza juu ya kipande cha kioo cha dirisha.

"Fundi, ukitikisika hapa, hata ukiwa umeandikwa kwa dhahabu sikununulii."

Ndivyo anavyochagua. Wembe uliopinda mgongo unayumba kwenye kioo, na uliopinda haulali vizuri kwenye kinoo, kwa hiyo makali yatashika sehemu moja na kuacha nyengine. Anaangalia pia kutu. Kutu ya juu juu si neno. Vishimo vya kutu vikikaribia ukingo wa makali, hapo wembe umekwisha, kwa sababu kila ukinoa unafika kwenye kishimo na makali yanamomonyoka. Kwa hewa yetu hii ya bahari, nyembe nyingi za visiwani zina ugonjwa huo, na wenye maduka wanauficha kwa kung'arisha. Ukinunua kwengine, chukua kioo cha kukuzia ukaangalie ukingo tu. Ubavu usikushughulishe.

Mpini nao una mambo yake. Nyembe nyingi za miaka ya mwanzo ya karne ya 20 zina mipini ya seluloidi, plastiki ya zamani iliyotiwa rangi ya pembe. Seluloidi ikizeeka inaoza na kutoa hewa kali inayokula chuma, na wembe unakunjwa humo humo ndani ya mpini. Joto letu linaiharakisha. Ami huing'oa yote, anapasua ribiti, ile misumari inayoushika mpini, na kuweka mbao au pembe ya ng'ombe. Wangu ameutia mfenesi, manjano yake imeanza kuiva kuwa hudhurungi, na ribiti zake ni za shaba. Kazi safi. Ukifunga, wembe unaingia katikati bila ya kugusa upande wowote.

Pembe ya ndovu hagusi. Aliletewa wembe mmoja wa namna hiyo akaurudisha. Alichonionesha ni mistari myembamba inayokatizana kwenye kichwa cha mpini. Ukiiona hiyo si mfupa wala plastiki, ni ndovu kweli. Biashara ya pembe za ndovu baina ya nchi na nchi imepigwa marufuku tangu makubaliano ya 1989, na kukutwa nayo bila ya kibali kunaweza kukuletea kesi nzito. Historia yake nayo inakata maini: karne ya 19 Unguja ndiyo iliyokuwa ghala la pembe la pwani yote hii, zikipakiwa kwenda India, Uingereza na Marekani, na Rodgers huyu huyu wa Sheffield alijulikana kwa shehena za pembe alizoweka kwa ajili ya mipini. Huenda ule wembe aliourudisha Ami mpini wake ulipita bandari ya Unguja mara mbili. Hata hivyo usiununue.

Sasa kunoa, na hapa ndipo pesa yangu ilipokwenda kwa haki. Mtu anayeuza wembe wa kale bila ya kuunoa amekuuzia chuma. Ami ana vinoo vitatu vya maji, namba ikipanda jiwe ni laini zaidi: namba 1000 ya kuweka ukingo upya, 4000, halafu 8000. Wembe unalazwa bapa kabisa, mgongo na makali vyote vimegusa jiwe, kwa sababu unene wa mgongo ndio unaopanga pembe ya makali. Hakuna kukisia kama kwa kisu cha jikoni. Ukiunyanyua mgongo hata kidogo unajitengenezea pembe nyengine, na wembe utakuwa unakuna badala ya kunyoa. Anausukuma makali mbele, mshazari kutoka kisiginoni hadi nchani, bila ya kukandamiza. Uzito wa chuma unatosha. Kwenye jiwe la kwanza alikaa muda mrefu mpaka nikaanza kuchoka kutazama. Kwenye la mwisho alipita mara chache tu. Kila jiwe anauosha wembe kabla ya kwenda la pili, maana chembe moja ya jiwe gumu ikibaki inachora jiwe laini.

Baada ya jiwe ni ukanda. Kwanza upande wa turubai, halafu wa ngozi, na hapa mwendo unageuka: mgongo unatangulia, makali yanafuata. Mwisho wa ukanda unaupindua wembe juu ya mgongo wake, si juu ya makali. Ukipindua vibaya unakata ukanda na kuyalaza makali kwa pigo moja. Ukandani unapita kila unaponyoa. Jiweni unarudi baada ya miezi. Hilo ndilo hesabu ya wembe huu: 5,000 mara chache kwa mwaka, na nyembe za pakiti hununui tena.

Kasoro niliyoiahidi: ukanda aliouniuzia ni mwembamba kuliko urefu wa wembe. Ngozi yenyewe ni nzuri, ya ng'ombe, imekazwa vizuri, lakini lazima upitishe mshazari ili makali yote yaguse, na asiyezoea atasahau ncha. Nilimwambia. Akasema ngozi pana haipatikani Pemba. Inapatikana; nyuma ya fundi viatu yeyote pana mapande. Nitajikatia mwenyewe, na nakushauri ukatae huo wake, umwombe apunguze bei.

Kitini mwake nilikaa kabla ya kununua kitu, na yeyote anayefikiria kununua nampa ushauri huo huo. Ndevu mie nafuga, kwa hiyo kazi yake kwangu ni kichwa, mashavu juu ya mstari, na shingo. Sharubu anapunguza kwa mkasi. Birika liko juu ya jiko la makaa, kitambaa anakichovya, anakikamua, anakufunika kichwa mpaka nywele zilainike. Usimharakishe hapo. Unywele mkavu ni mgumu, ukishakunywa maji ya moto dakika mbili tatu unakatika kwa urahisi. Wembe anaushika umelala, kama nyuzi 30 kutoka kwenye ngozi, mkono wa pili unavuta ngozi pole pole, na anakwenda na uelekeo wa nywele. Sauti yake ni ndogo na kavu. Mashine haikupi ulaini ule, na wembe wa kawaida unaufikia lakini unaacha moto.

Nilipotaka kumuuliza jambo, aliniwahi.

"Tulia, fundi. Nikiwa shingoni hatuzungumzi."

Wenye vipele vya ndevu wasome hapa kwa makini. Nywele zetu zimejikunja, na zikikatwa chini sana zinarudi ndani ya ngozi na kuvimba. Vifaa vya plastiki vyenye nyembe mbili, tatu au zaidi vinazidisha, kwa vile wembe wa mwanzo unauvuta unywele na wa pili unaukata chini ya ngozi. Wembe mmoja mkali unaokwenda na uelekeo wa nywele unapunguza tabu hiyo. Unapunguza, sikusema unaponya. Kwa mtu wa namna hiyo Ami havuti ngozi na harudi kinyume hata ukimwomba, na vijana wengine wanaondoka wakinung'unika kwamba hawakunyolewa hadi mwisho. Mie namuunga mkono yeye. Na kama ngozi yako imeshatoka makovu, mwone daktari kabla ya kinyozi.

Sasa makopo. Wembe wa kukunja haumpitii mteja wa pili. Ukutani pana rafu ya makopo ya maziwa ya unga, kila kopo lina jina la mwenyewe kwa rangi, na ndani mna wembe wake. Ukija anashusha kopo lako. Asiye na wembe wake ananyolewa kwa kile kishikio kinachotiwa nusu ya wembe wa pakiti, mpya, anaufungua mbele yako, na ukishanyolewa anautia kwenye chupa. Kwangu mie hili ndilo linalomtenga na wengine. Kirusi cha homa ya ini aina ya B kinaweza kubaki hai nje ya mwili siku 7 au zaidi, na tone la damu lisiloonekana linatosha. Nimeshakaa kwa vinyozi wanaopangusa wembe kwa kitambaa na kukwambia umeshatiwa spiriti. Niliwaacha.

Mtu akiuliza kwa nini nyembe hizi zilipotea, jibu liko kwenye hiyo hiyo nusu ya wembe wa pakiti. Mmarekani King C. Gillette alipata hataza ya wembe wake wa kubadilisha mwaka 1904, na baada ya hapo mtu hakuhitaji tena kujua kunoa.

Brashi ndiyo iliyotugombanisha. Ami alikuwa na brashi nzuri ya zamani, mpini mzito, nywele zimejaa, akataka kuniuzia kwa 15,000. Nikaigeuza chini nikaona maandishi ya Kiingereza ya kusifu ubora wa nywele, lakini mnyama hakutajwa. Kwa brashi za kunyolea za zamani, mnyama asipotajwa mara nyingi huwa ni nguruwe. Nywele zake ni ngumu, na ncha zake zinapasuka kadiri zinavyotumika. Za nyegere wa Ulaya zina mistari ya rangi, nyeupe, nyeusi, nyeupe. Hizi zilikuwa za rangi moja na zimepasuka.

"Ami, hii nguruwe."

"Tutaiosha mara saba, moja kwa udongo."

"Hiyo ni kwa kilichoguswa. Hapa nguruwe mwenyewe ndiye brashi."

Wateja wawili waliokuwa barazani waliingia kati, mmoja akataka apelekewe shekhe, na suala likachukua muda mrefu kuliko kunyolewa kwangu. Mwisho tulichoma unywele mmoja, ukanuka nywele iliyoungua, si plastiki. Ami akaitoa dukani siku hiyo hiyo, na hilo nampa alama. Sasa anatumia za nywele za bandia, ambazo zinakauka upesi na hazitoi harufu mbaya zikiwa mbichi. Nzuri tu. Ukiagiza brashi kutoka nje, soma mnyama, usisome sifa. Na sabuni za kunyolea za zamani pia uliza mafuta yake, nyingi ni za shahamu.

Kwenye sabuni Ami ni dhaifu. Anatumia kipande cha sabuni ya mafuta ya nazi, inayotoa povu kubwa haraka na kufa haraka. Akifika sikio la pili, la kwanza limeshakauka. Sabuni ya kunyolea hasa hutengenezwa kwa magadi ya potashi na asidi ya stiariki nyingi, ndiyo maana povu lake ni zito na linakaa. Tatizo jengine ni maji. Maji ya visima vya mawe ya matumbawe yana chokaa, na chokaa inaishika sabuni ikawa utando badala ya povu. Mie napeleka sabuni yangu na chupa ya maji ya mvua. Alinicheka mara ya mwanzo, sasa chupa yangu ikibaki anaitumia kwa wengine.

Mwisho anakupitishia kipande cha shabu, kinachobana ngozi na kuzuia damu, kisha anakuuliza kama unataka marashi. Marashi ya waridi kubali. Kichupa cha mafuta ya karafuu kikatae, hata kama sisi ndio wenyewe na makonyo, vile vikonyo vya karafuu, yanakamuliwa hapa Pemba, Wawi. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni eujenoli, ile ile anayotumia daktari wa meno kutuliza jino, na juu ya ngozi iliyonyolewa sasa hivi inaunguza. Tone moja ndani ya kikombe cha mafuta mengine, labda. Ami anapaka bila ya kuchanganya na anakwambia uvumilie.

Nyumbani naufuta wembe mpaka ukauke kabisa, naupitisha kwenye kiganja, kisha natia tone la mafuta ya cherehani. Mafuta ya nazi yanaganda na kunata, usiyatumie. Na usiuhifadhi chooni.

Kwa jumla: kunoa, sijaona wa kumfikia Pemba. Kunyoa, vizuri sana kama huna haraka. Wembe aliouuza unastahili bei yake, ukanda haustahili, sabuni peleka yako. Chumba kina giza, kwa hiyo nenda asubuhi jua likiwa mlangoni. Alkhamisi jioni na siku za kuelekea Idi kuna msururu mpaka nje. Msimu wa karafuu ukichachamaa anaweza kufunga siku nzima akawa shamba, na simu hapokei akiwa na mtu kitini. Watoto wachanga wa akika hawanyoi kwa wembe wa kukunja, anatumia mkasi na wembe mpya wa pakiti, msilazimishe. Chenji hana, nendeni na noti ndogo.